Wang'ate Polepole

Miaka yangu ya mwanzo Temeke, kazi ilikuwa kung'oa meno. Watu wa Mbagala na Tandika walifika alfajiri wameshika mashavu, na mtoto asiyeumwa hakuwa na nafasi kwenye foleni ile.

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka 8 akiamini amepigwa na upepo mbaya, maana kidevu kilikuwa kimekwenda kushoto. Nilimwambia mtoto ang'ate polepole. Magego yaligusana ncha kwa ncha, kisha taya la chini likateleza kushoto kutafuta pa kutulia, magego ya juu ya upande huo yakaangukia ndani ya yale ya chini. Taya la juu lilikuwa jembamba. Alinyonya kidole gumba mpaka akaanza shule, na ulimi haukupata kukaa kaakaani.

"Shikamoo tena bibi," nikamwambia, "si upepo. Ni mfupa, na bado tunauwahi."

Taya la juu ni mifupa miwili iliyokutana kwenye mshono katikati ya kaakaa, na utotoni mshono huo haujashikana. Mwaka 1860 Emerson Angell, Mmarekani, alieleza alivyolitanua taya la binti wa miaka 14 kwa skrubu. Wenzake walimpinga, na mbinu ikakaa pembeni karibu karne nzima, hadi Andrew Haas alipoifufua mwaka 1961. Nasi tulitumia skrubu hiyohiyo, imeshikizwa kwenye magego, ufunguo wake anakaa nao mzazi. Robo mzunguko hufungua kama robo milimita.

Bibi alizungusha mwenyewe kila usiku baada ya isha, mtoto kamlalia mapajani. Akarudi na furaha: mjukuu kapata mwanya! Pwani mwanya ni uzuri, na iliniuma kumwambia kwamba utajifunga. Ule ulikuwa ushahidi kuwa mshono umeachia. Nyuzi za ufizi huyavuta meno ya mbele yakarudiana. Nikaikaza skrubu isicheze, ikae miezi 6 mfupa mpya ujae.

Walionitesa moyo ni vijana wa miaka 18 na zaidi, wa Chamazi, wa Bunju, mshono umeshafunga, dawa yao mara nyingi ni upasuaji, na fedha haipo. Ndiyo maana nilianza kwenda shule za msingi. Niliwataka walimu wanipe darasa la kwanza na la pili, magego ya kwanza ya ukubwani yanapoota, niwaambie watoto wang'ate polepole, mmoja mmoja, nikitazama kidevu.