Kosa Lililomo Kitabuni

Mtoto wa ndugu yetu, asomaye sayansi chuo kikuu, alitujia hapa Ujiji akisema mwalimu wake amewaamuru wakitafutie makosa kitabu cha masomo. Tulighadhibika, wasomaji wetu. Mwezi uliopita tulimfukuza madrasani kijana aliyedai kuwa kitabu chetu cha fikihi kina kosa. (Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakimo katika shauri hili.)

“Baba mdogo,” akauliza, “Mto Ruzizi waingia ziwani au watoka?”

Waingia, kila mvuvi ajua. Akatusimulia kuwa wenyeji walimwambia Burton hivyo hivyo mwaka 1858, naye baadaye akaandika kuwa watoka kuelekea Nile. Livingstone na Stanley walikwenda kuutazama mwaka 1871, wakaona waingia.

Usiku tulikifungua kile cha fikihi. Kosa limo. Asubuhi tulikwenda kwa wazazi wa yule kijana. Hajarudi bado.