Mount Gelai Haina Usukani

Katika nyumba za reli pale Voi, kina mama walianika nguo huku sikio likiwa relini. Honi ikilia upande wa Mombasa, mtu aliacha chungu mekoni akakimbia kuanua, maana garimoshi likishapita, shuka jeupe liligeuka la madoadoa. Mama alizichukia zile injini waziwazi. Baba naye alikuwa msaidizi wa dereva, kazi yake kuangalia moto, kwa hiyo kesi ya masizi ilisikilizwa nyumbani kwetu kila aliporudi safari.

Zile kubwa zilikuwa za daraja la 59, Garratt 34 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956. Moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Boila lilikaa katikati, likiegemea seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, ndiyo maana dude lile refu liliweza kukata kona za reli nyembamba ya mita moja bila kuivunja. Kutoka pwani hadi Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600, nazo zilipanda na tani zipatazo 1,200 mkiani.

Hazikula makaa. Zilichoma mafuta mazito, ambayo lazima yapashwe moto kwanza ndipo yatiririke, na masizi yake yalishika ndani ya mabomba ya boila hadi mvuke ukapungua. Dawa ilikuwa mchanga. Baba alichota mchanga mkavu, akasubiri injini ivute kwa nguvu, akaurusha tanurini. Mvuto wa moshi uliukokota hadi ndani ya mabomba, ukayasugua, ukatokea dohani pamoja na uchafu wote, wingu jeusi tititi. Mama alikuwa na hakika kwamba baba aliichagua Voi kwa makusudi. Baba hajawahi kukanusha.

Dizeli zilipokuja, mama alikuwa wa kwanza kushangilia. Sisi watoto hatukuziona kama kitu: zilinguruma tu, hazikupumua. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli likagawanywa, na injini za mvuke zilizobaki zikastaafishwa moja baada ya nyingine. Nyingi zilikatwa vyuma chakavu. Baba akahamia dizeli, na sikumbuki akisimulia safari hata moja ya dizeli.

Mwaka jana tuliwapeleka wazee Nairobi wikendi nzima, pamoja na wanangu. Zamani treni ya abiria ilipita Voi usiku, ukaamkia Nairobi asubuhi na shingo imepinda. Safari hii tulipanda Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria Juni 2017, tukawa Nairobi kabla watoto hawajachoka kugombania dirisha. Kituo chake kiko nje ya jiji, kwa hiyo mwishowe tukahamia kwenye treni ndogo ya kuingia mjini, inayopita reli ileile ya mita moja. Hapo baba alikaa wima. Kipande kile kifupi kilimfurahisha kuliko mwendo wote wa kutoka Voi.

Jumamosi ilikuwa ya makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni ya zamani. Pale ipo 5918, Mount Gelai, na 3020, Nyaturu. Garratt za daraja la 59 zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki; Nyaturu si Garratt, na wenzake walipewa majina ya makabila. Gelai uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron, na Wanyaturu ni watu wa Singida. Jumuiya ilipogawana mali, majina hayakugawanywa. Kwa maoni yangu hakuna mnara wa Jumuiya ile ya kwanza ulio mkweli kuliko vibao vile vya majina.

Kitinda mimba wangu alipanda kwenye chumba cha dereva, akatazama mabomba na magurudumu ya kufungulia mvuke, akauliza, "Babu, usukani uko wapi?"

"Usukani wa nini, mjukuu wangu? Njia imeshachongwa. Kazi ni moto na maji." Akamshika mkono akauweka kwenye wenzo wa kufungulia mvuke, kisha akamweleza habari ya mchanga. Mama alibaki chini na leso yake nyeupe, akasema yeye hapandi, chuma hicho anakijua.

Jumapili tulikwenda Ngong Racecourse kwenye Concours d'Elegance, shindano la magari ya zamani lililoanza mwaka 1970. Waamuzi huinama kuchungulia hadi chini ya gari, wakitafuta vumbi na tone la mafuta. Baba alicheka: "Gari lisilovuja hata tone si gari, ni sahani ya kabatini." Hata hivyo, alipoiona Peugeot alinyamaza. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na 504 zenye mkia mrefu ndizo zilizowabeba abiria waliokuwa wakiikimbia reli. Akaizunguka, akasema, "Hawa ndio walioanza kutunyang'anya wateja."

Gari lina mwenyewe wa kulifuta na kuliwasha kila wikendi. Injini ya tani 252 haiwezi kutunzwa na mtu mmoja. Inataka karakana, mafundi na fedha za umma, na zaidi ya yote inataka watu wanaojua kuiwasha. Waliojua kwa mikono sasa ni wazee sana. Kama unaye mmoja nyumbani, mpeleke Nairobi na uwashe simu urekodi. Usimuulize injini iliundwa mwaka gani. Hilo vitabu vinalo. Muulize alikuwa akifanya nini na mchanga.