Mali Bila Daftari

Kila Agosti, Chuo Kikuu cha Makerere kinapofungua mwaka wa masomo, mitaa ya Wandegeya na Kikoni hujaa vijana wenye fedha mkononi. Ikifika Oktoba, wengi wao hunywa chai kavu na kuwakwepa wadai.

Miongoni mwao alikuwamo binti mmoja wa Masaka, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Baba yake, mkulima wa kahawa, alilipa karo na kodi ya chumba, kisha akampa shilingi 850,000 za matumizi ya muhula. Binti hakuwahi kushika fedha nyingi kiasi hicho. Juma la kwanza alinunua viatu na nguo katika soko la Owino. Juma la pili aliwakaribisha wenzake kuku na chipsi.

Juma la saba mfuko ukawa mtupu. Akaanza kula kwa mkopo kwa mama mmoja muuza katogo. Kumpigia baba simu aliona haya, kwani kahawa ilikwisha kuuzwa, na wadogo zake nao walingoja karo.

Siku moja mama yule alifungua daftari lake: sahani 32, jumla shilingi 96,000. Binti akashtuka. Tangu afike Kampala, hiyo ndiyo hesabu pekee ya matumizi yake iliyopata kuandikwa, na aliyeiandika ni mtu mwingine.

"Mwanangu," mama akamwambia, "mimi nikinunua mkungu wa matoke, kwanza nahesabu sahani, ndipo nawasha moto."

Zamani mzigo huu uliangukia Serikali, iliyowapa wanafunzi posho. Posho hizo zilipoondolewa palizuka migomo, na Desemba 1990 wanafunzi wawili wa Makerere waliuawa kwa risasi za polisi. Tangu miaka ya 1990 wanafunzi wengi husomeshwa kwa jasho la wazazi. Kwa hiyo shilingi inayopotea Wandegeya imetoka shambani.

Muhula ule binti aliumaliza kwa dhiki, akiingia katika mitihani na njaa. Wa pili aliuanza kwa kununua daftari. Muhula una majuma 17: 15 ya masomo na mawili ya mitihani. Aligawanya shilingi 850,000 kwa 17, akapata 50,000 kwa juma. Kati ya hizo, 35,000 zilikuwa za chakula, 5,000 za kunakili masomo, 5,000 za sabuni, simu na ada ya kutolea fedha, na 5,000 za akiba ya maradhi. Fedha aliziacha katika simu, akitoa za juma moja tu kila Jumatatu. Maharage na mchele alinunua kwa kilo, akapika pamoja na mwenzake wa chumbani.

Mwisho wa muhula, akiba hiyo na kile kilichosalia katika chakula vilitosha kulipa deni. Mama akachukua kalamu, akalipiga mstari jina lake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi na ahesabu majuma kwanza, ndipo ahesabu shilingi.