Mtandao Utateremka Wapi?

Gridi ya Taifa ilifika Mwanza katika miaka ya 1980, na kwa muda mrefu baadaye vijiji vilivyopitiwa na nyaya zake viliendelea kuwasha koroboi. Msomaji asishangae. Umeme wa kilovolti 220 hauchotwi njiani kama maji ya mfereji. Sharti kwanza uteremshwe katika kituo cha kupozea umeme, na kituo chenyewe kiko mjini.

Kwa hiyo walipokuja wapimaji kijijini kwetu, upande wa Misungwi, kutafuta njia ya laini nyingine, wazee hawakupiga makofi. Safari hii walileta ahadi mpya: intaneti. Hawakusema uongo mtupu. Waya wa juu kabisa kwenye nguzo, ule wa kukinga radi, siku hizi huweza kubeba nyuzi za kioo zipitishazo mawasiliano. Lakini mama mmoja, mjane, akasimama mkutanoni akauliza, "Wanangu, na huo mtandao utateremka wapi?" Wakatazamana. Mmoja akajibu kwa sauti ndogo kwamba utateremka mjini. Mkutano mzima ukacheka, hata mwenyekiti.

Mimi siupingi umeme. Wajukuu zangu wanausomea. Ninalopinga ni ahadi kutolewa mahali pa fedha. Chini ya nyaya zile hujengi nyumba wala huoteshi mti mrefu. Utalima mihogo na viazi, basi. Sheria za Ardhi za 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na kanuni za 2001 zinaongeza riba malipo yakipita miezi 6. Hata makaburi yana sheria yake ya kuhamishwa, ya 1969. Hayo yote wapimaji hawakuyagusa. Walizungumza juu ya simu za vijana tu. (Vijana wenyewe, nakiri, walisikiliza kwa hamu, simwezi kuwalaumu, maana kupata mawimbi kwetu ni mpaka upande jiwe.)

Baba mdogo ndiye aliyewasumbua zaidi. Alipewa fomu ya uthamini atie dole gumba, akaniita nimsomee. Miembe imeandikwa 7. Tukaenda shambani pamoja, tukahesabu mmoja mmoja, na ule wa babu ulio karibu na makaburi: 11. Akaikunja fomu akaitia mfukoni, akawaambia warudi Jumatatu kuhesabu tena, yeye mwenyewe akiwapo.