Kibodi moja, kompyuta tatu



Katika ofisi ya parokia yetu hapa Lubumbashi mna kompyuta tatu, lakini kibodi ni moja, skrini ni moja, na kipanya ni kimoja. Wageni huuliza zile mbili nyingine zilikufa lini. Hazikufa. Ya kwanza inatunza vitabu vya Ubatizo na Ndoa, ya pili hesabu za vikundi, na ya tatu ni ya vijana, nayo hupendwa kuliko zote kwa sababu ina nyimbo za kwaya. Skrini mbili ziliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu kupita kiasi, na fedha za kununua nyingine hazikupatikana. Ndipo mlezi wetu alipoleta kisanduku cheusi, kisichozidi ukubwa wa kitabu cha sala, chenye nafasi za nyaya kwa nyuma na kitufe kimoja kwa mbele.

Ukibonyeza kitufe, taa ndogo huhama kutoka namba 1 kwenda 2, kisha 3, kisha hurudi 1. Kompyuta ambayo taa imeifikia ndiyo inayopata skrini, kibodi na kipanya. Zile nyingine hazilali. Kama zilikuwa zinanakili nyimbo au kuchapa barua, zinaendelea gizani bila kuonekana. Tena kuna jambo lililonishangaza. Kompyuta nyingi za zamani hulalamika zikiwashwa bila kibodi. Kisanduku hicho huzijibu zote kwa niaba ya kibodi, hata kila moja ikadhani kwamba kibodi ni yake peke yake.

Siku ya kukizindua, mlezi alitukumbusha barua ya kwanza ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, sura ya 12, juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Tulipiga makofi, nami nilipiga kwa nguvu.

Kazi yangu ilikuwa kunakili vitabu vya zamani vya Ubatizo: namba ya mbatizwa, mwaka, kisha mstari unaofuata. Anayenakili hivyo haangalii skrini. Macho yako kwenye kitabu, kwa sababu wino umefifia na 1 hufanana na 7, na vidole vinakwenda vyenyewe. Jioni moja kijana wa kwaya aliingia kutazama kama nyimbo zake zimekwisha kunakiliwa. Alibonyeza kitufe mara moja badala ya mara mbili, akaitwa nje, akaenda. Sikuinua kichwa.

Nilipokiinua, mbele yangu palikuwa na jedwali la michango ya hija ya vijana, ambalo dada mtunza fedha alikuwa ameliacha wazi alipokwenda kwenye Misa. Mbele ya majina kumi na moja, mahali pa michango, palikuwa na namba zangu. Mmoja wao alikuwa ametoa faranga 1974.

Nilishtuka. Nilifuta yote kumi na moja upesi, na kwa mazoea ya mkono nikahifadhi. Kisha nikabonyeza kitufe hadi nikarudi kwenye wabatizwa wangu. Nilijiambia kwamba nitamweleza akitoka kanisani. Alipotoka alikuwa na watu, nami nilikuwa na haraka.

Dominika iliyofuata alisoma orodha mbele ya mkutano. Watu kumi na mmoja walisimama mmoja mmoja: nimelipa, mbona jina langu halina kitu? Sanduku la fedha likafunguliwa, zikahesabiwa. Zilikuwamo zote, zikizidi jumla iliyoandikwa. Mtu angefikiri jambo hilo lingemwokoa. Lakini sauti moja nyuma ikasema kwamba fedha isiyoandikwa inamngoja mwenyewe, na wengine wakacheka. Dada yule alijibu neno moja tu: «Niliandika.» Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nikitazama viatu vyangu.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilikabidhiwa vitabu vya Ubatizo kwa sababu ilisemekana kwamba mimi sikosei. Nililipenda sifa hiyo kuliko nilivyojua. Baada ya juma moja dada alirudisha ufunguo wa sanduku bila kuombwa, nami bado nilinyamaza.

Nilikwenda kuungama katika parokia nyingine, mbali, kwa padri asiyeijua sauti yangu. (Nadhani si mimi peke yangu ninayefanya hivyo.) Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: «Na yeye amekwisha kujua, mwanangu?» Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2487, inafundisha kwamba aliyeikosea haki na ukweli ana wajibu wa kufidia, hata kama amekwisha kusamehewa. Nilikuwa nimeifundisha namba hiyo kwa watoto wa Kipaimara. Jina la dada lilikuwa limechafuliwa mbele ya watu. Halikuweza kusafishwa kwa kunong'ona katika kiti cha maungamo.

Nilianza kwake. «Dada, ni mimi,» nikamweleza habari ya kitufe na ya miaka ya Ubatizo. Hakukasirika, wala hakucheka. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: «Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sikuandika.»

Maneno hayo ndiyo yaliyonilemea kuliko kicheko cha mkutano. Nilikuwa nimefuta namba kumi na moja, na kwa wiki mbili nikaacha zimfute na yeye mwenyewe moyoni mwake.

Nilisema yote katika mkutano uliofuata. Mlezi, kwa upole wake, alijaribu kukilaumu kisanduku, na nakiri kwamba nilitamani kumwachia. Nikasema tena: kitufe kilibonyezwa kwa bahati mbaya, kufuta nilifuta mimi, na kunyamaza pia. Baadhi ya watu walimwomba dada radhi. Yule wa sauti ya nyuma hakuja siku hiyo.

Ufunguo hakuupokea tena, ingawa alisihiwa. Nilimwomba jambo moja tu, aziandike zile namba kumi na moja kwa mkono wake, nao wenyewe wakitaja walichotoa. Alikuja Jumamosi. Nilimwachia kiti. Alibonyeza kitufe, akangoja taa ihame, akasoma jina la kwanza kwenye skrini kwa sauti, akaandika, akatazama tena, ndipo akaenda kwenye la pili. Alipomaliza alihifadhi, akairudisha taa kwenye namba 1, kwenye kompyuta yangu, akaenda mazoezi ya kwaya.