Kamera Haipigi Hodi



Huku kwetu Kilwa mgeni havuki kizingiti kabla ya kuitikiwa "karibu". Waliotembea katika magofu ya Songo Mnara wameona jinsi nyumba za mawe zilivyojengwa kwa adabu hiyo: kadiri unavyoingia ndani, chumba baada ya chumba, ndivyo ilivyohitajika ruhusa zaidi.

Mwaka jana, baada ya kuibiwa betri ya sola, tulifunga kamera ya intaneti juu ya mlango wa ofisi, palipo na benchi la wanaosubiri kuzungumza nasi. Tulijivuna, tukikiri ukweli. Tukiwa safarini Lindi tuliutazama ua wetu katika simu. Kisha kijana aliyetufungia akatuuliza, kwa nia njema kabisa, kama yule mama aliyekuwa akilia Alhamisi amepata nafuu. Alhamisi yeye alikuwa Mtwara.

Simu yake ilikuwa haijaondolewa kwenye kamera, na neno la siri lilibaki lile la kiwandani. Picha zetu hazikai ukutani. Husafiri hadi kompyuta za mbali, na mwenye neno la siri hufungua. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na vifaa vya namna hiyo duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya maneno ya kiwandani. Nasi tulidhani wezi ni wale wa betri!

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na ya maskani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tulikuwa tumeifikiria kuwa ni sheria ya mabenki na kampuni za simu.

Tulibadili neno la siri, tukaielekeza kamera kwenye stoo. Kisha tulikwenda kwa mama yule, ambaye ameturuhusu kuandika haya, tukapiga hodi, tukamweleza. Alinyamaza kitambo.

"Na sauti je, Baba?"

Hatukujua. Tulirudi nyumbani tukasoma karatasi ya maelezo, ambayo hatukuwahi kuifungua. Kesho yake tulikwenda tena kumwambia kwamba ndiyo, na sauti pia.