Nani Anakaa Ukumbini?

Kauli inayonikera kuliko zote miongoni mwetu tulio ughaibuni ni hii: Wazungu wana utamaduni wa kupiga kura, sisi tunasubiri kanga na kofia za kampeni. Mfano unaopendwa ni Vermont, jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako Jumanne ya kwanza ya Machi wakazi wa miji midogo huketi ukumbini, theluji ikiwa bado nje, wakaichambua bajeti ya mji kifungu kwa kifungu. Mtu husimama akahoji kwa nini linunuliwe greda jipya ilhali la zamani bado linatembea; msimamizi huwaita wanaoafiki waseme ndiyo, kisha wanaopinga waseme hapana, na sauti zikikaribiana watu huhesabiwa. Ni jambo zuri, nami nalipenda kwa dhati. Ila tuulize kwanza waliokalia vile viti ni akina nani.

Frank Bryan, msomi wa siasa wa Chuo Kikuu cha Vermont, alikusanya takwimu za mikutano hiyo zaidi ya 1,500 na kuzichapisha kitabuni mwaka 2004. Kwa wastani walihudhuria kama asilimia 20 tu ya wapiga kura walioandikishwa, na kilichotofautisha mji na mji kuliko kipato au elimu kilikuwa ukubwa wake: mji mdogo ulijaza ukumbi kwa uwiano mkubwa zaidi, na kadiri ulivyokua watu walipungua. Utamaduni ni ule ule, mahudhurio tofauti. Halafu kuna umri. Vermont ni kati ya majimbo yenye wazee wengi zaidi nchini humo, na anayeweza kukaa kikaoni Jumanne mchana ni mstaafu, au mwenye nyumba anayeumizwa na kodi ya majengo. Sheria inamruhusu mwajiriwa kuomba nafasi siku hiyo, lakini ruhusa isiyo na malipo inamfaa nini anayelipwa kwa saa? Mpangaji aliyehamia juzi na atakayehama kesho hana sababu ya kugombania greda. Hata katika uchaguzi wa Bunge la Marekani wa mwaka 2022, waliopiga kura kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24 hawakufika asilimia 30, ilhali wa miaka 65 na kuendelea walizidi 60.

Sasa tazama kwetu. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Karibu nusu ya Watanzania ni watoto, na kati ya watu wazima vijana ndio wengi, lakini ndio hao hao walioko machimboni, kwenye bodaboda mjini, Kariakoo. Uandikishaji wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2024 ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Kijana anayebeba mizigo Dar angeacha kibarua, apande basi akajiandikishe kijijini, kisha arudi tena tarehe 27 Novemba kupiga kura? Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na waliobaki, nao wengi wao ni wazee na kina mama wenye watoto.

Nitajibiwa kwamba tatizo letu ni siasa, si umri wala makazi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa na chama tawala, CCM, kikatangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Nani apange foleni kwa matokeo kama hayo? Hoja hiyo ni nzito na siikatai. Lakini haielezi kikao cha kijiji cha kusomewa mapato na matumizi, ambacho hakina mgombea, na bado vijana hawaonekani.

Kwa hiyo tusiwahubirie vijana uzalendo, tusogeze kalenda. Vijiji vya Kilimanjaro hujaa watu wanaorudi nyumbani Desemba. Mtendaji wa kijiji akisoma mapato na matumizi wiki ile ya Krismasi, atakutana na maswali ambayo Machi hayaulizwi. Najua kuna atakayesema wale ni wageni wa siku kumi, wasiwaamulie wanaokunywa maji ya pale mwaka mzima. Sawa, kura ibaki kwa wakazi. Ila aliyechangia bati za zahanati kwa M-Pesa ana haki ya kuuliza bati zimefika ngapi.